Nilizaa Mama Yangu

Kwetu jina la mtoto haliteuliwi. Linakuwa lipo tayari, linamngoja. Ukipata msichana wa kwanza, umemzaa mama ya mume wako. Ukipata wa pili, umemzaa mama yako mwenyewe. Ndivyo tunavyosema kwa Kikuyu, na tumeyahamisha maneno hayo hivyo hivyo hadi kwenye Kiswahili chetu cha Thika, walimu wakasirike wasikasirike: nimemzaa mama. Na nyanya mwenyewe, habari zikimfikia, hasemi amepata mjukuu. Anasema, "Nimezaliwa."

Mama yangu alingoja kuzaliwa hadi nywele zikawa nyeupe. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Baba alitoka nyumbani kwetu Kalimoni nikiwa darasa la tatu, akasema anaenda kutafuta kazi, na labda bado anaitafuta. Kwa hivyo hapakuwa na ndugu wa kunisaidia kumzaa mama. Msichana wangu wa kwanza alimwendea mama mkwe, kama ilivyo haki yake, na mama mkwe hakukubali mtu asahau. Akifika kwetu Kamenu, nilikoolewa, alimwinua mtoto juu na kumwuliza, "Mimi, nimekula leo?" Siku moja mama yangu alikuwepo, akicheka pamoja na wengine. Kisha nikamwona akiinama kutafuta kiatu ambacho hakikuwa kimepotea.

Baadaye nikapata mvulana, halafu mvulana tena. Mara zote mama alikuja na sufuria ya njahi, yale maharagwe meusi ambayo huku hulishwa mwanamke aliyejifungua ili maziwa yashuke. "Mimi nina haraka gani?" aliniambia baada ya yule wa mwisho. "Njahi nitaendelea kupanda." Akaendelea kupanda kweli, msimu baada ya msimu, na mimi nikaendelea kuzeeka.

Mimi ni muuguzi. Kliniki yetu iko mjini Thika, ya daktari mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa, na anayeongea Kikuyu cha kuwaaibisha watoto wangu. Ana kliniki nyingine ndogo Ruiru. Zamani tulikuwa na kadi kwenye rafu, na mgonjwa wa Thika akienda Ruiru alikuwa mgeni kabisa, aanze kusimulia maumivu yake upya. Daktari alipoleta kompyuta alituambia kuwa sasa kliniki hizo mbili zitakuwa nyumba moja. Kompyuta hizo mimi sikuzitaka. Nilisema hivyo mkutanoni, nikasema tena jikoni kwenye chai, na nikapewa kazi ya kuingiza kadi zote za wazee. Mdomo huponza kichwa.

Shida ya kwanza ilikuwa ulimi wetu wenyewe. R na L kwetu huazimana nguo. Msichana wa mapokezi wa Ruiru aliandika majina alivyoyasikia, mimi nikaandika nilivyoyasikia, na wagonjwa wakayatamka kulingana na vile siku ilivyoamka. Ukimtafuta mtu kwa R, kompyuta inasema hayupo, na yeye amekaa mbele yako anakohoa. Basi unamfungulia faili nyingine kwa L. Haikuchukua muda watu wengi wa Thika wakawa na faili mbili mbili, moja ya presha na nyingine ya magoti.

Kadi ya mama niliiingiza mwenyewe. Niliandika majina yake mawili, la ubatizo na la Kikuyu, jinsi tulivyokuwa tukiandikana zamani. Tarehe ya kuzaliwa nikaandika haijulikani, maana anachojua yeye ni kwamba kulikuwa na nzige. Presha. Mtoto wa jicho, upande wa kushoto, ameondolewa. Mkono uliovunjika alipoteleza akivuna nduma. Simu niliandika yangu, kwa sababu kabambe yake, kile kisimu cha vitufe, hukaa kabatini imezimwa, ati isimalize chaji. Mtu wa karibu, mimi. Uhusiano, mtoto. Nakumbuka tumbo langu lilikuwa likigusa meza nikiandika hayo, na picha ya tumbo ilikuwa imeshaonyesha msichana.

Ndiyo, katika umri ule. Mume wangu alicheka, kisha akaogopa, kisha akaanza kuosha vyombo. Mama nilipomwambia aliketi kwenye kigoda, halafu akauliza, "Una hakika hawakuona vibaya?" Kuanzia siku hiyo alitembea kama mtu aliyevaa kiatu kipya. Aliwaambia wanawake wa kanisani. Nadhani aliwaambia hata mbuzi.

Mtoto alipozaliwa, mama alipiga ngemi, vile vigelegele vyetu, nje ya wodi hadi mlinzi akaja kumwambia, kama nyanya wanavyoitwa huku, "Shosho, hapa ni hospitali."

"Nimezaliwa," mama akamwambia.

Mlinzi alikuwa mtu wa kwetu. Alimpa mkono, akasema, "Basi karibu duniani, Maitu," yaani mama.

Alikuja kukaa nasi Kamenu na njahi zake. Alimshika mtoto kwenye mwanga wa dirisha, akamgeuza huku na huku, akasema, "Kumbe nilikuwa mrembo hivi na hakuna aliyeniambia." Nilicheka hadi mshono ukauma. Nikikumbuka furaha, ni hiyo ninayoikumbuka, na sijapata nyingine ya kulinganisha nayo.

Hatukukaa naye. Macho yake yaligeuka manjano, akaacha kunyonya, na asubuhi moja nilipomwinua shingo yake ilikuwa laini kupita kiasi. Nilikimbia naye kliniki kwetu kwa sababu ndiko miguu yangu inakokujua. Msichana wa mapokezi, kwa mazoea tu, aliuliza, "Jina la mtoto?" Nikamtajia majina ya mama yangu, yote mawili. La tatu, la baba yake, sikufika, maana daktari alikuwa ameshatoka chumbani amenyoosha mikono. Alimtazama mtoto, akamtia sindano, akatupeleka hospitali kubwa kwa gari lake mwenyewe.

Huko hospitali kubwa hakuna aliyemwita kwa jina. Kwenye kile kikanda cha mkononi waliandika "Baby wa", kisha jina langu. Kwenye chati, vivyo hivyo. Alipofariki, karatasi waliyotupa ilisema vivyo hivyo, na kibali cha kuzika pia. Tulirudi nyumbani na kukuta njahi bado ziko kwenye friji.

Watu walikuja. Walisema kazi ya Mungu haina makosa. Walisema bado nina nguvu, ingawa kila mmoja wao alijua umri wangu. Mwanamke mmoja alisema afadhali tulikuwa hatujamzoea, na nilitaka kumrushia kikombe. Mimi walinipa pole, mume wangu walimpa pole. Mama alikuwa amekaa pembeni karibu na mlango, na watu walipomfikia waliinamisha macho, wakapita. Hakuna aliyejua amwambie nini mtu wa aina yake. Tulipomaliza kuzika alifunga leso kiunoni, akaosha masufuria yote, akarudi Kalimoni. Neno lile la kuzaliwa sikulisikia tena kinywani mwake.

Niliporudi kazini niligundua kuwa faili ya mtoto ipo. Daktari mwenyewe alikuwa ameijaza, simu yangu, mtu wa karibu mimi, tarehe ya kuzaliwa tu akaisahau, na mwishoni, pale penye hali ya mgonjwa, akaweka alama ya amefariki ili asimwachie mtu mwingine kazi hiyo. Saa ya chakula nilikuwa nikiifungua. Sikuwa nikitafuta kitu. Nilikuwa nikitazama jina lake limeandikwa kama jina la mtu yeyote, juu kabisa, bila "Baby wa". Hakuna mahali pengine duniani lilipoandikwa.

Kisha daktari akachoshwa na zile faili mbili mbili. Akamwita mtaalamu kutoka Nairobi aje kusafisha. Ndilo neno lililotumika, kusafisha, kama kwamba sisi ni sakafu. Mtaalamu alieleza kwamba penye jina sawa, simu sawa na mtu wa karibu sawa, mashine itajua ni mtu mmoja na itaunganisha. Mtu yeyote wa Thika angemwambia kuwa nyumba moja ya Kikuyu inaweza kuwa na watu watatu wenye jina moja, mmoja anatambaa, mmoja yuko sekondari na mmoja ana meno ya kubandika. Lakini mashine haikutoka kwetu. Mimi siku hiyo nilikuwa chumba cha nyuma nikichanja watoto wa wenzangu.

Jumatano iliyofuata simu ilipigwa kutoka Ruiru. Mama huenda kliniki ya presha huko kwa sababu akimaliza hupitia sokoni. Msichana wa mapokezi, mpangaji wa Kahawa Wendani, mtoto mzuri tu, aliongea kwa kunong'ona.

"Sister, sasa. Kuna shosho hapa, najua ni mum yako. System imekataa kumtolea dawa. Inasema ni deceased. Na si ndio huyu ameketi hapa anakunywa soda? Nifanye aje?"

"Umemwambia?"

"Aliona vile nimeshtuka, akaniuliza. Singeweza kudanganya shosho."

"Mpe simu."

Nilisikia simu ikipita mkono hadi mkono, kisha pumzi ya mama. "Haiya, wewe. Hawa watoto wanasema komputa imesema nimekufa."

"Maitu, ni makosa. Mashine imechanganya."

Nyuma yake mtu alikuwa akikohoa na mwingine akiuliza choo kiko wapi.

"Rakini haijachanganya," akasema. "Si nilizaliwa? Na si nikakufa? Mlinizika nikiangalia. Ni nyinyi tu mliogopa kuniambia pole."

Nilisimama pale mapokezi, sare nyeupe, wagonjwa wakinitazama, nikalia kwa sauti ambayo sikuwa nimeitoa hata makaburini. Daktari alitoka, akachukua simu mkononi mwangu na kumwambia mama kwa Kikuyu, "Maitu, pole. Pole sana kwa kifo chako." Akamwagiza msichana ampe mama dawa mkononi, mashine ipende isipende.

Halafu tulikaa mbele ya skrini, yeye na mimi. Faili zile mbili zilikuwa zimekuwa moja. Ya zamani ilikuwa imebaki na mambo yake yote, na mambo mapya ya mtoto yamewekwa juu yake. Majina mawili. Tarehe ya kuzaliwa, haijulikani. Mtu wa karibu, mimi. Uhusiano, mama. Hali, amefariki.

Daktari alimpigia mtaalamu. Akauliza kama faili zinaweza kutenganishwa tena, akasikiliza, akaweka simu mezani ili nami nisikie.

"Hiyo haiwezi kurudi nyuma, daktari, na hiyo deceased haitoki peke yake," mtaalamu alikuwa akisema. "Lakini naeza futa ile visit ya mtoto na details zake zote, shosho arudi kuwa alive. Ni kazi ndogo tu. Niambie yes nifute."

"Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma," daktari akasema baada ya kukata simu. Kisha akavua miwani. "Mimi sitagusa hapo. Amua na mama yako."

Najua kile ambacho mtu mwenye akili angesema. Aliye hai anahitaji dawa, na aliyekufa hahitaji kitu. Mwenyewe ningemwambia mgonjwa hivyo, tena kwa ukali. Lakini kufuta ni kufuta. Ningekuwa nimemtoa mtoto wangu mahali pekee alipokuwa mtu mwenye jina, nimtoe kwa mkono wangu, ili mama yangu aruhusiwe kumeza vidonge. Nilikasirika na kila mtu wiki ile. Nilimkasirikia hata mama mkwe, ambaye hakuwa amefanya lolote ila kuzaliwa mapema.

Jumapili nilienda Kalimoni. Mama alikuwa ametoka kanisani na alikuwa akiwakatia mbuzi majani, bado amevaa nguo nzuri. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Hakuacha kukata hadi nilipomaliza.

"Huko hospitali kubwa hawakumwandika?"

"Waliandika Baby wa, halafu mimi."

"Na karatasi ya kuzika?"

"Vivyo hivyo."

"Na kanisani?"

"Hakuwa amebatizwa, Maitu."

Alipangusa panga kwenye nyasi, upande mmoja, kisha upande wa pili. "Basi usimfute. Mimi watu wananijua. Nifungulie ingine."

Nilimwambia haitakubali. Nikifungua nyingine kwa majina yale yale, mashine itamwunganisha tena na marehemu. Ingebidi kabambe yake itoke kabatini iwe na kazi, na yeye atumie jina jingine, lile la tatu la kwenye kitambulisho. Nilisema hilo nikitazama mbuzi, kwa sababu jina la tatu la kwenye kitambulisho ni la baba. Tangu baba alipoondoka mama hajaruhusu mtu kumwita kwa jina lile. Katibu wa chama cha kanisani alipolitumia mara moja kwa bahati mbaya, mama alimwambia huyo mwenye jina akipatikana wamletee, ana maswali.

Aliendelea kuwatupia mbuzi majani mpaka nikadhani amekataa. Mbuzi mmoja alimvuta leso, akamsukuma kwa goti.

"Niandike hilo la baba yako," akasema. "Angalau lifanye kazi hata mara moja."

Niliandika Jumatatu. Daktari alihamisha dawa zake na magonjwa yake kwenye faili mpya, moja moja, akitumia kidole kimoja, akakataa kusaidiwa. Ile nyingine tuliiacha jinsi ilivyokuwa. Mtaalamu aliambiwa asiiguse, na hakuelewa, na sikuwa na nguvu za kumweleza.

Bado ninaifungua saa ya chakula. Nikiisoma kama mtu asiyejua lolote, binti yangu alikuwa na presha lakini alikuwa akimeza dawa vizuri. Aliondolewa mtoto wa jicho akaona tena. Aliteleza akivuna nduma, mkono ukavunjika, ukaunga. Zamani, kwenye kadi ambayo niliinakili bila kuacha neno, daktari aliandika kwamba mgonjwa huyu hucheka sana na apunguze chumvi. Hakuna anayejua alizaliwa lini. Mama yake ni mimi. Najua ni makosa ya mashine, na ninashukuru kwa kila mstari wake, na nikishafunga skrini inauma upya kama siku ile.

Siku hizi mama haendi Ruiru. Huja Thika, kwangu, na mimi ndiye ninayewaita wagonjwa. Mara ya kwanza niliposoma jina lile la baba mbele ya benchi lililojaa, hakuna aliyesimama. Nikasoma tena. Mama aligeuka kushoto na kulia pamoja na wengine, kuona ni mwanamke gani huyo asiyesikia. Kisha akakumbuka. Aliinuka polepole, akanyoosha leso, akasema kwa watu wote, "Ni mimi," kwa sauti ya mtu anayekiri deni la mwingine.

Sasa amezoea, anainuka mara moja. Lakini kila mwezi, kabla ya kuingia kupimwa presha, husimama kwanza kwenye meza yangu na kuinamia skrini, ingawa haoni vizuri kilichoandikwa.

"Na mimi yule mwingine," huniuliza, "bado niko?"

"Bado uko, Maitu," namwambia, na yeye anaingia kupimwa.